Mkandaji wa Kang'ata

Mama yangu ana mikono inayosifiwa Kang'ata nzima. Mwanamke akijifungua, hata kitovu cha mtoto hakijakauka, mtu ameshatumwa nyumbani kwetu: mwambieni Mama Yusra aje amkande mzazi. Mama huenda na majani yake ya mwarobaini na mnyonyo, huchemsha maji kwenye sufuria kubwa mpaka yatokote, huchovya kitambaa kizito, hukikamua kwa mikono mitupu na kukibandika tumboni, kiunoni, mapajani na kule kwingine. Watu wa kwetu wanaamini mzazi asiyekandwa tumbo lake halirudi, na damu mbovu inambakia ndani mpaka uzeeni. Kazi hiyo humletea khanga, na sanduku lake limejaa hata kifuniko hakifungi. Nilipokuwa mdogo nilitembea kifua mbele kwa kuitwa mtoto wa mkandaji.

Yusra ndiye mimi, binti yake wa pekee. Watu wa kwetu hawapendi haya ninayotaka kuyasema yasemwe, ila mimi nitayasema, kwa sababu kunyamaza ndiko kulikoniponza.

Mimba ya kwanza nilirudi kwetu kujifungua, kama tunavyofanya wote. Mume wangu, Adamu Mhina, ni fundi kwenye kiwanda cha mkonge Ngombezi, karibu na Korogwe, na tunaishi kwenye nyumba za safu za wafanyakazi. Mimba ilipofika miezi minane akanipandisha basi la Handeni, niende Kang'ata. Nilijifungulia kituo cha afya, mtoto wa kiume, kilo nne kasoro kidogo, tukamwita Sadala. Kichwa chake kilikwama mlangoni, na nesi aliyenizalisha, Joyceline, Msambaa mrefu mwenye mwanya, akasema, "Nakuongezea njia." Kabla sijauliza njia gani, mkasi ulikuwa umeshapita. Baadaye akanishona, na kesho yake nikaruhusiwa kwenda nyumbani.

Mama akaanza kunikanda jioni ile ile. Tumboni sikujali, mtu unazoea. Lakini aliposhuka na kile kitambaa kinachofuka moshi mpaka kwenye mshono, nilipiga ukelele ambao najua majirani waliusikia. Mama akasema kila mzazi hulia hivyo na kwamba nisijidekeze. Siku ya pili vivyo hivyo, asubuhi na jioni. Siku ya nne nilihisi kitu kinaachia, kama mshono wa gunia lililojazwa kupita kiasi, kisha unyevunyevu ukanitiririka mapajani. Mama akainama akatazama.

"Huyu nesi hakukushona," akasema. "Alikubandika tu. Nyuzi zimekatika zenyewe."

Nilimwamini. Ningemwamini nani mwingine? Nina miaka ishirini na mbili, ndio uzazi wangu wa kwanza, nimelala ubavu kwa sababu siwezi kukaa, na anayeniambia ni mama yangu mzazi, bingwa wa wazazi wote wa Kang'ata. Kidonda kikatoa usaha. Nikawa nalia kila niendapo haja ndogo. Mtoto nilimnyonyesha nimejilaza upande mmoja, miezi mitatu mizima, mpaka kikajifunga chenyewe bila uzi na kuacha kovu nene ambalo nilikuwa naligusa kwa vidole wakati wa kuoga na kuondoa mkono haraka.

Adamu alipokuja kuniona, Mama alimkalisha barazani akamweleza uzembe wa nesi. Adamu ni mtu mpole, lakini siku hiyo alikasirika, akaomba karatasi akaandika barua ya malalamiko. Mimi nikatia saini. Tulisikia baadaye kwamba nesi Joyceline aliitwa kujieleza na kisha akahamishwa. Nilifurahi. Sijivunii, lakini ndivyo ilivyokuwa: nilifurahi kwa roho yangu yote.

Zaidi ya miaka minne nilichomwa sindano ya uzazi wa mpango kwa sababu ya hofu tu. Adamu alikuwa mvumilivu, ingawa nilimgeuzia mgongo mara nyingi kuliko mke anavyotakiwa kumgeuzia mume. Mwisho nikajikaza, nikaacha sindano, nikashika mimba.

Tangu Mama apate habari, simu yake haikunipa nafuu. "Mwanangu, safari hii wakupasue. Njia yako imeharibika. Ukisukuma utachanika mpaka nyuma, na hakuna wa kukushona." Akishamaliza na mimi, anampigia Adamu. Adamu ana woga wa mambo ya wanawake, na kwa muda mfupi akawa anaongea kama santuri ya Mama: upasuaji, upasuaji, ndiyo salama.

Mimi sikutaka kisu. Kwetu Ngombezi maji tunachota bombani na kuni tunabeba kichwani, na jirani yangu aliyepasuliwa alikaa miezi hajanyanyua ndoo. Tena kulikuwa na jambo jingine ambalo sikumwambia mtu. Nilitaka kuuona mwili wangu ukifanya kazi yake mpaka mwisho bila mtu kuuharibu. Mara moja tu. Lakini kila nikiwaza kusukuma, lile kovu lilikuwa kama linaniuma, na maneno ya Mama yananirudia.

Mimba ilipofika miezi saba nikaamua kwenda kuuliza mwenyewe kliniki Korogwe mjini. Foleni ikasogea, jina langu likaitwa, nikaingia, na nyuma ya meza alikuwa nesi Joyceline.

Nilisimama mlangoni kama mtu aliyemwagiwa maji. Yeye alinitazama, akaitazama kadi yangu, akanitazama tena.

"Yusra wa Kang'ata," akasema.

"Shikamoo," nikasema, kwa sababu mdomo umezoea.

"Marahaba. Kaa, mama Sadala. Umekuja na tatizo gani?"

Kulikumbuka kwake jina la mtoto kulinikera zaidi. Nikamwambia tatizo langu ni yeye. Nikamwambia aliniharibu, kwamba nimeishi miaka mitano na kovu alilonipa, na sasa sijui nizae vipi. Niliongea mpaka pumzi zikaniishia. Hakunikatiza. Aliinuka akafunga mlango, akanawa mikono, akaniomba nipande kitandani alione hilo kovu.

Alitazama kwa muda mrefu. Kisha akauliza taratibu, "Nani alikukanda?"

"Mama yangu."

"Na huku chini?"

"Mzazi si anakandwa kote."

Akavuta kiti akakaa karibu na kichwa changu. "Kovu la mkasi ni mstari," akasema. "Hili lako lina mstari, halafu pembeni mpaka kwenye paja kuna ngozi iliyoungua. Uliunguzwa, mama Sadala. Mshono uliachia kwa sababu ya maji ya moto."

Nikamwambia asinitafutie kisingizio. Ndipo akaniambia habari ambayo ningependa kusema sikuisadiki.

Siku niliporuhusiwa, alisema, alimwita Mama pembeni. Akamwambia tumbo anaweza kulikanda kwa maji ya vuguvugu akitaka, lakini kwenye mshono asiguse kabisa. Panatakiwa kusafishwa kwa maji safi yaliyochemshwa yakapoa, kukaushwa taratibu, na mimi nirudi siku ya saba nitazamwe. Mama akaitikia, "Ndiyo, mwanangu." Siku ya saba sikuonekana. Akapiga simu, ikapokelewa na Mama.

Hiyo ilikuwa kweli. Simu yangu alikuwa nayo Mama, ati mzazi asisumbuliwe.

"Akaniambia umepona, umeanza hata kutwanga," nesi akasema. "Sikuridhika. Siku ya kumi na mbili nilipanda boda mwenyewe mpaka Kang'ata. Nyumba yenu ina mlango wa bluu. Mama yako alikuwa barazani anapukuchua mahindi. Akaniambia mumeo ameshakuchukua, uko Ngombezi. Akanifungia machungwa sita kwenye mfuko, nikamshukuru, nikarudi."

Nilikuwa ndani. Siku hiyo naikumbuka kwa sababu homa ilikuwa imenipanda, na nilisikia Mama akiongea na mtu barazani kwa ile sauti yake ya wageni. Nilipomuuliza ni nani, akasema ni mama mmoja anapitisha vitenge. Mlango wa bluu ulikuwa hatua nne kutoka kitandani kwangu. Kama ningekohoa, nesi angenisikia.

"Kwa nini hukuyasema haya ulipoitwa?" nikamuuliza, na sauti yangu haikuwa tena ya mtu mwenye kesi.

"Niliyasema. Wakamuuliza mama yako, akasema hajawahi kuniona nyumbani kwake. Na barua ilikuwa na saini yako." Akaongeza, "Kosa langu lipo, nalikiri. Nilikuongezea njia bila kukueleza wala kusubiri nisikie umekubali. Ungelalamikia hilo, ningekuwa sina la kujibu."

Sikulia pale. Nilivaa nguo zangu nikakaa, na nesi, mtu ambaye nilimchongea mpaka akahamishwa, akaanza kunieleza jinsi ya kuzaa. Kovu limepona, akasema. Upande mmoja ni nene lakini linavutika. Wengi wanaoongezewa njia uzazi wa kwanza hawaongezewi tena wa pili. Alimwita daktari naye akatazama, akasema haoni sababu ya kunipasua tumbo. Hawaniahidi kitu, wataamua siku yenyewe, lakini nijiandae kusukuma. Nikafundishwa kuukanda msamba wangu, ile nyama ya chini ya njia, kwa mafuta safi na vidole vyangu mwenyewe ikibaki mwezi mmoja, na kutosukuma kwa pupa kichwa kikifika mlangoni.

Wiki iliyofuata Mama akaja Ngombezi na furushi lake la majani. Siku mbili sikusema kitu. Nilimtazama akipika, akimwogesha Sadala, akimwekea Adamu maji ya kuoga, na nilikuwa natafuta usoni mwake alama ya mtu aliyenifanyia vile. Sikuona. Alikuwa Mama tu. Siku ya tatu, Adamu alipotoka kazini, Mama akatangaza kwamba wamekubaliana wao wawili: kesho tunakwenda kumwona daktari fulani, mbali na pale kliniki yangu, atuandikie upasuaji.

"Nesi Joyceline yuko Korogwe," nikasema.

Mama alikuwa anachambua mchicha. Mikono ikasimama.

"Nani?"

"Yule uliyempa machungwa sita."

Adamu alinitazama, akamtazama Mama, hakuelewa. Nikamweleza yote, polepole, Mama akiwa amekaa hapo hapo na ungo mapajani. Nilipofika kwenye mlango wa bluu, Adamu akakaa chini kwenye kizingiti na viatu vyake vya kazi, akashika kichwa.

"Niambie kama ni uongo, Mama," nikasema. "Sema ni uongo, nitakuamini."

Hakusema ni uongo. "Ningefanyaje, Yusra?" akasema. "Mkandaji amemuunguza mwanawe mwenyewe. Nani angeniita tena?"

"Ulijua lini?"

"Siku ile ile ya nne."

"Na nesi alipokuja?"

"Angekuona, angejua."

"Na huu upasuaji unaonihimiza?"

Akachambua jani moja la mchicha, akaliweka upande. "Ukizaa kwa kupasuliwa tumbo," akasema, "hakuna anayekuangalia huko chini."

Nimewahi kupigwa maishani, na nimewahi kufiwa. Hakuna kilichonikata maini kama sentensi hiyo. Mama yangu alikuwa radhi nichanwe tumbo, nilale na mpira wa mkojo, nikae na kidonda kingine na mtoto wa miaka mitano miguuni, ili tu mtu asiyemjua wa Korogwe asione kovu na kuuliza nani kalifanya. Alikuwa amenipaka mafuta kwa mgongo wa chupa miaka mitano. Na mume wangu alikuwa amemfanya kijiti cha kunisukumia.

Adamu hakumgombeza. Alisema tu, "Mama, niliandika barua. Nilimwandikia mtu uongo kwa mkono wangu." Kisha akataka kumpandisha basi kesho yake arudi Kang'ata. Mimi nikakataa.

Nilimwambia Adamu kwamba namhitaji wa kumtazama Sadala. Hiyo ilikuwa nusu ya ukweli. Nusu nyingine nitaisema hapa: nilitaka aniombe radhi. Sikutaka khanga, wala machozi, wala kupigiwa magoti. Nilitaka neno moja, kutoka mdomo wake, kwa hiari yake. Nikampa muda. Mwezi mzima alipika, alifagia, alifua nguo za mtoto ambaye hajazaliwa, aliniita mwanangu, na neno lile halikuja. Majani yake yalikauka kwenye furushi chini ya kitanda.

Uchungu ulinishika asubuhi ya Jumanne. Saa nne nilikuwa hospitali Korogwe, na kabla ya adhuhuri njia ilikuwa imefunguka yote. Nilikuwa nimemwomba nesi Joyceline, na alikuwepo. Mama aliachwa nje kwenye benchi; nilimwambia nesi asiingie mtu.

Nilisukuma, nikapumua, nikasukuma. Kichwa kilipofika mlangoni nikahisi lile kovu linavutika, linawaka, na woga wote wa miaka mitano ukanirudia. Nikageuza shingo nikamwona nesi anachovya kitambaa kwenye bakuli linalotoa mvuke. Nikabana mapaja. Sikukusudia, yalibana yenyewe. Nikamwambia hapana, hapana, hapana.

Hakunilazimisha. Alilileta lile bakuli mpaka karibu na uso wangu. "Tia mkono wako," akasema. "Wewe ndiye utakayesema."

Nikatia vidole. Maji yalikuwa vuguvugu, ya kumwogeshea mtoto mchanga.

"Niweke?"

"Weka."

Akaushika msamba wangu na kile kitambaa, akaukinga kwa kiganja, na kila aliposema pumua nilipumua, aliposema kidogo nilisukuma kidogo. Hakukuwa na mkasi. Kichwa kikatoka taratibu, mabega yakafuata, na mtoto wa kike akalia kabla hata hajafika kifuani kwangu. Nikalia naye. Mwili wangu ulikuwa umefanya kazi yake mpaka mwisho.

Nesi akatazama. "Umechubuka padogo, mbali na kovu," akasema. "Nikuwekee uzi mmoja kwa ganzi, itapona vizuri. Unakubali?"

"Nakubali," nikasema. Na alipokuwa anashona nikamwambia, "Nilikuchongea."

"Najua."

"Nitaandika barua nyingine."

"Andika," akasema, mwanya ukaonekana. "Barua unajua kuandika, wewe. Ila upumzike kwanza. Na siku ya saba nisipokuona, safari hii nitaingia mpaka ndani."

Waliponihamishia wodi ya wazazi, nikamwambia nesi sasa Mama anaweza kuingia. Nilimwona akija kati ya vitanda na khanga yake mpya, anatembea haraka, na moyo wangu, pamoja na yote, ukamfuata. Nikasogea kitandani nikampa nafasi ya kukaa. Akampokea mtoto kwa ile mikono yake iliyozoea, akamfunua uso, akamtemea dua ya kimoyomoyo. Macho yakamlengalenga. Nikawaza, sasa. Atauliza kama nimechanika. Atauliza kama panauma. Likitoka hilo, hata lile jingine litakuwa limetoka, na mimi nitalipokea hivyo hivyo, sitadai zaidi.

Akanisogelea, mtoto kifuani, akainama mpaka nikasikia pumzi zake sikioni.

"Huko Kang'ata," akanong'ona, "umemwambia nani?"

Nikanyoosha mikono, nikamwomba anirudishie mtoto wangu.